Kuizuru Udzungwa kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Hifadhi Isiyo na Barabara

Ukifika Mikumi mjini ukaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya Ifakara, baada ya muda milima inaanza kukusindikiza upande wa kulia. Chini ni mashamba ya miwa, reli ya TAZARA na vijiji vilivyoshikana. Juu ni msitu mzito unaopanda hadi mawinguni. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990, ndogo sana ukiilinganisha na jirani zake Ruaha na Nyerere, na ndani yake hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Hapa hutazami mnyama kupitia dirishani. Unatembea.

Jambo hilo lielewe kabla hujalipia nauli, kwa sababu watu wengi huja na hesabu za Mikumi: kuingia getini saa tatu, kuzunguka, kula, kuondoka saa tisa. Kwa Udzungwa hesabu hiyo itakupa jasho na picha mbili za majani. Safari ya huku hupangwa kwa kuangalia nguvu za miguu yako, saa za mwanga wa jua, na mvua. Ukivipanga hivyo vizuri, sijui mahali pengine Tanzania ambapo Mtanzania wa kipato cha kawaida anaweza kuona mengi kiasi hiki bila kukodi gari hata siku moja.

Hatua ya kwanza: jua unachokwenda kuona

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya, ikapitia Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo. Pepo za Bahari ya Hindi huja na unyevu, zikiigonga milima hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Viumbe waliobaki kwenye misitu hii wakatengana na ndugu zao na kuwa aina za peke yao. Ndiyo maana mlima mmoja wa Udzungwa unaweza kuwa na mnyama asiyepatikana popote pengine duniani.

Wa kwanza wa kumtafuta ni mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye nywele nyekundu kichwani zilizosimama kama kofia. Huyu ni rahisi kumwona, mara nyingi hata karibu na makao makuu ya hifadhi. Wa pili ni mangabei wa Sanje, kima wa kijivu mwenye kishungi anayetumia muda mwingi chini kwenye majani makavu. Sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu, baada ya watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers kusikia mlio wake katika msitu wa Mwanihana. Wenyeji walikuwa wakimjua zamani. Lipo kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti, na wageni huweza kupelekwa kulifuata. Ulizia mapema, maana watu wa kulitafuta huingia msituni alfajiri na hawangoji mgeni aliyelala.

Wapo pia mbega weusi wenye mabega meupe, kima, nyani, na chini kabisa sange. Sange wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu alinaswa kwanza na kamera ya mtego mwaka 2005, akatangazwa kuwa aina mpya mwaka 2008. Ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Anaishi kwenye misitu ya ndani, mbali na njia za siku moja, kwa hiyo usije na matumaini hayo. Kipunji naye, kima aliyetangazwa mwaka 2005, anapatikana Ndundulu upande wa magharibi, tofauti kabisa na lango utakaloingilia. Ukiambiwa na yeyote kwamba utamwona kipunji kwa matembezi ya asubuhi kutoka Mang'ula, usikubali.

Tembo wapo, nyati wapo, chui yupo. Utakachoona zaidi ni dalili zao: kinyesi, nyayo, magome yaliyochunwa. Kwa uzoefu wangu, asilimia kubwa ya msitu huu huingia kwa masikio kabla ya macho. Hondohondo hutambulika kwa kelele za mabawa yake juu ya miti, mbega kwa matawi yanayovunjika. Anayetembea huku akipiga soga au akicheza muziki kwenye simu atarudi akisema hifadhi haina wanyama.

Hatua ya pili: chagua msimu

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho salama zaidi. Njia zimekauka, kupe na mbu wamepungua, na vijito bado vina maji kwa kuwa msitu huyaachia kidogo kidogo mwaka mzima. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, maporomoko huwa na nguvu ya kutisha na msitu hupendeza, lakini udongo mwekundu wa miteremkoni huteleza vibaya na vijito vya kuvuka huweza kujaa ghafla. Sipendekezi masika kwa mtu anayekuja mara ya kwanza, wala kwa familia yenye watoto. Vuli ya Novemba na Desemba inawezekana ukikubali kulowa. Januari na Februari ni joto kali huku bondeni, ingawa ukishaingia chini ya miti hali hubadilika.

Kama lengo lako ni kulala msituni siku kadhaa, nenda kiangazi.

Hatua ya tatu: fika Mang'ula

Makao makuu yako Mang'ula, Wilaya ya Kilombero, Mkoa wa Morogoro, yapata kilomita 350 kutoka Dar es Salaam na kilomita 60 na kitu kutoka Mikumi mjini. Mabasi ya Dar kwenda Ifakara hupita hapo hapo barabarani. Mwambie kondakta akushushe Mang'ula getini kwa hifadhi, si Mang'ula tu, maana eneo ni refu na utajikuta unatafuta bodaboda usiyoihitaji. Barabara sasa ni ya lami, kinyume na zamani ambapo kipande cha kutoka Kidatu kilikuwa vumbi na mashimo.

Tangu mwaka 2024 kuna njia nyingine nzuri: panda treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, halafu chukua basi kwenye kituo cha mabasi cha Msamvu. Unakwepa foleni ya kutokea Dar, ambayo ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote. Anayetoka Iringa au Mbeya ashuke Mikumi mjini, kwenye njia panda ya Ifakara, ambako magari madogo hujaza na kuondoka mchana kutwa. TAZARA nayo ina kituo Mang'ula na safari yake inapendeza kwa macho, ila usiitegemee kama una tarehe ya kurudi kazini.

Panga kufika kabla ya saa kumi jioni. Utakuwa na muda wa kupita ofisini, kuuliza hali ya njia, kuweka miadi na mwongozaji na kutafuta mahali pa kulala. Kipindi hicho kifupi cha jioni ndicho kinachokupa asubuhi nzima msituni kesho yake. Anayefika asubuhi na basi na kutaka kupanda siku hiyo hiyo huanza saa nne au tano, jua likiwa juu na wanyama wakiwa wamejificha kivulini.

Hatua ya nne: malipo na vibali

Hifadhi haipokei fedha taslimu. Ofisini utaandikiwa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, unarudi kuchukua kibali. Weka fedha kwenye simu kabla ya kutoka mjini, na weka na ziada, kwa sababu si kila wakala wa kijijini ana salio la kutosha na mtandao wakati mwingine hutetereka.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo chukua kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Ukisahau, huna la kubishana. Juu ya kiingilio kuna ada ya mwongozaji, ada ya kambi ukilala ndani, na kwa safari ndefu ada ya askari mwenye silaha. Viwango hutangazwa kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Piga simu TANAPA au uliza ofisini kabla ya kupanga bajeti ya kikundi. Mkija watu wanne au watano, gharama ya mwongozaji mnagawana na safari inakuwa rahisi kweli. Zaidi ya wanane kwenye njia moja naona ni wengi, kelele zao zinawatangulia.

Hatua ya tano: chagua njia inayokufaa

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia fupi kabisa ni ya maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la uhifadhi la WWF. Ni kama kilomita moja kutoka makao makuu, na kwenda na kurudi si zaidi ya saa moja ukitembea taratibu. Maporomoko yenyewe si makubwa. Thamani ya njia hii ni kwamba inafaa jioni uliyofika: unanyoosha miguu baada ya basi, unajifunza namna mizizi na mawe yanavyoteleza, na uwezekano wa kuwaona mbega wekundu ni mzuri. Mzee, mtoto wa miaka sita, mtu mwenye goti bovu, wote wanaiweza.

Njia ya Sonjo huanzia kituo kilichoko kaskazini ya makao makuu, kando ya barabara ya lami. Ni kama kilomita mbili na nusu, saa mbili hivi, na ina maporomoko mawili. Naiona kuwa njia inayodharauliwa bila sababu. Ukanda wake wa chini una miti ya miombo inayobadilika taratibu kuwa msitu wa mvua, na ndege ni wengi. Kama una siku moja tu na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, hii ndiyo yako.

Njia ya Sanje ndiyo maarufu, na sifa zake ni za haki. Maporomoko yanashuka mita 170 kwa jumla katika ngazi tatu. Njia ina urefu wa kilomita tano hivi na watu wengi huimaliza kwa saa nne, tano wakioga. Huanzia kijiji cha Sanje, karibu kilomita kumi kaskazini ya makao makuu, kwa hiyo panga usafiri wa bodaboda, bajaji au daladala usiku wa kuamkia safari. Anza kupanda saa moja asubuhi. Sehemu ya kwanza ni kupanda mfululizo, na hapo ndipo watu huharibu siku yao kwa kutaka kuonyesha kuwa wanaweza. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea bila kuhema. Kila baada ya dakika ishirini simama, kunywa maji, sikiliza.

Juu ya maporomoko kuna mahali msitu unafunguka na unaliona bonde lote la Kilombero, miwa ikiwa imepangwa kwa mistari hadi macho yanapoishia. Kisha njia inashuka kwenye kidimbwi cha kuogelea. Maji ni baridi kuliko unavyotarajia na mawe yana utelezi wa kijani, kwa hiyo ingia kwa kukaa, si kwa kuruka, na usisogee ukingoni yanapodondokea maji. Mteremko wa kurudi ndio unaoumiza magoti. Fimbo husaidia kuliko kiatu cha bei ghali.

Anayetaka kutwa nzima aulize njia ya Kambi namba 3, mzunguko wa kilomita 13. Si wa maporomoko, ni wa wanyama na ndege, na unahitaji subira.

Halafu kuna Mwanihana, kilomita 38 kwa siku tatu na kulala mara mbili, hadi kilele chenye zaidi ya mita 2,000. Safari hii inapita ngazi zote za msitu: unaanza kwenye joto la bondeni, unapita miti mikubwa yenye mizizi kama kuta, na unaishia kwenye msitu mfupi uliovikwa kuvu-mwani na majani ya juu mlimani. Usiku wa juu ni baridi ya kweli. Lumemo ni ndefu zaidi, kilomita 65, siku tano au zaidi, na huenda maeneo ambayo tembo na nyati ndio wenyeji. Kwa zote mbili askari mwenye silaha ni lazima na wapagazi ni busara. Toa taarifa ofisini wiki kadhaa kabla, kwa sababu njia zisizopitwa mara kwa mara huziba na inabidi zifyekwe.

Ushauri wangu kwa mara ya kwanza: usiku mbili Mang'ula. Jioni ya kufika, Prince Bernhard. Siku ya pili, Sanje. Asubuhi ya tatu, Sonjo, kisha basi la mchana. Mwenye siku moja ya ziada aitumie kuwafuata mangabei.

Hatua ya sita: mavazi na mzigo

Suruali ndefu nyepesi, shati la mikono mirefu, soksi ndefu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi: inazuia kupe, inawachelewesha siafu, na inakukinga na upupu, ambao ukikugusa utakuwasha mpaka usahau maporomoko. Kiatu kiwe na soli yenye meno na kiwe kimeshazoea mguu wako. Raba ya kawaida yenye soli nzuri inatosha kwa njia za siku moja; buti mpya zitakutoa malengelenge kabla ya nusu ya safari. Rangi za kijani na kahawia zinafaa. Nguo nyeusi na za buluu ziache, zinavuta mbung'o.

Maji lita mbili kwa mtu kwa njia ya Sanje. Koti la mvua hata kiangazi. Tochi, hata kama unapanga kurudi saa nane, kwa sababu chini ya miti giza huingia mapema. Darubini moja kwa kikundi itawafaidisha kuliko kamera tatu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo funga chakula kwenye hotipoti au chombo kigumu, na nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji wa kudumu.

Chakula nunua Mang'ula. Mama lishe wa pale watakufungia chapati, mayai na mihogo ukiwaambia jana yake, na ndizi zao ni tamu. Hili si jambo dogo. Vijiji hivi vilikuwa vikiruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini, na tangu mwaka 2011 ruhusa hiyo ikasitishwa ili kuulinda msitu. Tembo nao hushuka mashambani. Gharama ya kuilinda Udzungwa wanaibeba watu wa hapa kila siku, hivyo mgeni anayekuja na kila kitu kutoka supamaketi ya Dar amewanyima kile kidogo ambacho hifadhi ingewaletea. Lala kwao, kula kwao, chukua mpagazi wa kwao.

Hatua ya saba: mwenendo msituni

Mwongozaji atangulie, na mwenye mwendo mdogo awe wa pili, si wa mwisho. Kundi likifuata mwendo wake hakuna atakayeachwa. Usishike shina au jiwe bila kuangalia unaposhika. Nyoka wengi wa huku wamejifananisha na matawi. Ukiona mstari wa siafu, wavuke kwa hatua ndefu na usisimame hapo kuwatoa walionasa, songa mita kumi kwanza.

Mkikutana na tembo au nyati, simameni, nyamazeni, na fanyeni anachosema askari au mwongozaji bila mjadala. Usikimbie kwa akili yako mwenyewe. Kwa kima na mbega, kaa mbali na usiwape chakula hata ganda. Mwenye mafua au kikohozi asiende kwa mangabei: magonjwa yetu huwapata, na mnyama ambaye dunia nzima anaishi kwenye milima hii tu hana pa kukimbilia.

Waulize waongozaji maswali. Wengi wao wamekulia chini ya milima hii na wanajua miti kwa majina, dawa na matumizi. Mtu akikuonyesha mvule, mkangazi au ua la zambarau la jamii ya Usambara limejibanza kwenye jiwe lenye maji, utaona namna kijani kilekile kinavyoanza kugawanyika.

Hatua ya nane: afya

Bonde la Kilombero lina malaria nyingi, na si bahati tu kwamba Taasisi ya Afya Ifakara imefanya kazi ya kuichunguza huku kwa miongo mingi. Lala ndani ya chandarua, jipake dawa ya mbu kuanzia saa kumi na mbili jioni, na muulize daktari kuhusu dawa za kinga kama unatokea nyanda za baridi au nje ya nchi. Homa yoyote ndani ya mwezi baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikuwa Kilombero. Maji ya kijito yachemshe au yatie dawa hata yakiwa maangavu. Mwenye pumu, presha au ujauzito amweleze mwongozaji kabla ya kuanza, si katikati ya mlima ambako mtandao wa simu hukatika.

Hatua ya tisa: kuondoka

Kabla ya kuacha geti, jikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio. Watoto wakaguliwe na mkubwa. Takataka zote rudi nazo, hata maganda ya ndizi na mayai. Pita ofisini uwaeleze ulichokiona, hasa mti ulioanguka njiani, mtego wa waya au sauti ya msumeno. Taarifa za wageni huwafikia askari kabla ya doria inayofuata.

Basi za kurudi Dar huondoka Ifakara mapema, na nyingi hupita Mang'ula asubuhi. Kama unataka kutembea Sonjo kwanza, nunua tiketi ya kutoka Mikumi mjini, na panda gari dogo la saa sita hadi njia panda. Usiache hadi jioni, magari hupungua na utalala Mikumi bila kupanga.